Koga na unyevu katika nyumba za Uingereza: kutafuta chanzo kabla ya kushika brashi

Tarehe 21 Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki dunia katika mji wa Rochdale, kaskazini magharibi mwa England. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sudan, na familia iliishi katika fleti ya chumba kimoja cha kulala iliyomilikiwa na chama cha nyumba. Mwezi Novemba 2022 mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kwamba ugonjwa wa njia ya hewa uliomwua mtoto huyo ulitokana na kuvuta kwa muda mrefu koga iliyotanda nyumbani mwao. Baba yake alikuwa ameanza kutoa taarifa tangu mwaka 2017. Jibu alilopewa lilikuwa apake rangi juu yake.

Koga, au kuvu kama wengine waitavyo, haitibiwi kwa rangi. Rangi huifunika kwa majuma machache, kisha madoa meusi hurejea mahali palepale kwa sababu maji yaliyoilisha hayajaondoka. Hata hivyo, ushauri huo bado unatolewa kila msimu wa baridi unapowadia, na wapangaji wengi, wakiwemo Waswahili walioweka makazi London, Leicester na kwingineko, hununua kopo la rangi nyeupe wakidhani wamemaliza kazi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua unyevu umetoka wapi, lipi mtu aweza kulitengeneza kwa mikono yake, na lipi ni wajibu wa mwenye nyumba.

Hewa yenye joto na ukuta wenye baridi

Hewa hubeba maji kwa kadiri ya joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi yaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke; ikishuka hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Ziada hiyo lazima iende mahali fulani. Huenda kwenye kioo cha dirisha, ambako kila mtu huiona asubuhi, na huenda pia nyuma ya kabati la nguo lililosukumwa hadi kugusa ukuta wa nje, ambako hakuna aionaye mpaka nguo zianze kunuka.

Si lazima ukuta utiririke maji ndipo koga iote. Inatosha hewa iliyogusana na ukuta ibaki na unyevu wa asilimia 80 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo. Ndiyo sababu koga hupenda pembe za vyumba vya kaskazini, mahali dari inapokutana na ukuta, na kingo za madirisha.

Na maji haya yatoka wapi? Kwa sehemu kubwa yatoka kwetu wenyewe: pumzi, kuoga, kupika na kufua. Familia ya watu wanne yaweza kutoa lita 10 au zaidi za mvuke kwa siku moja. Nguo za mashine moja zikianikwa sebuleni hutoa lita 2 hivi. Sufuria ya maharage inayochemka kwa saa mbili bila kifuniko nayo ina mchango wake.

Wasomaji waliokulia pwani ya Afrika Mashariki wanajua unyevu. Mji kama Mombasa au Unguja una hewa nzito kuliko London karibu mwaka mzima. Lakini nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya upepo. Kuna ua, kuna madirisha ya mbao yanayopitisha hewa hata yakifungwa, na hakuna ukuta wenye baridi ya kuugeuza mvuke kuwa maji. Nyumba ya Kiingereza ya karne ya 19 nayo ilikuwa na namna yake ya kupumua: moto katika kila chumba na dohani iliyovuta hewa chafu kwenda juu. Dohani hizo zimezibwa, madirisha ya vioo viwili yamewekwa, na mlango umefungiwa mpira kuzuia baridi. Mvuke ukabaki ndani.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa waziwazi. Kueleza kwamba mvuke hutokana na maisha ya kila siku si sawa na kumlaumu mpangaji kwa kuishi. Mwezi Oktoba 2021 ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya nyumba nchini England ilitoa ripoti ya kukosoa tabia hiyo ya wenye nyumba kusingizia mtindo wa maisha ya wapangaji. Katika mkasa wa Rochdale, chama cha nyumba kilikiri baadaye kwamba kilijijengea dhana kuhusu namna familia ile ilivyoishi, na kwamba kilikosea. Mtu hawezi kuacha kupumua. Nyumba isiyostahimili kupikiwa na kuogewa ndiyo yenye kasoro.

Unyevu wa aina tatu

Aina ya kwanza ni hiyo ya mvuke. Dalili zake ni koga nyeusi yenye madoadoa, vioo vinavyotoa jasho, na hali kuwa mbaya zaidi kati ya Novemba na Machi.

Aina ya pili ni unyevu unaopenya kutoka nje au kutoka katika bomba linalovuja. Huu huacha doa lenye mipaka, mara nyingi la rangi ya hudhurungi, nalo hukua baada ya mvua au huendelea kuwa majimaji hata wakati wa kiangazi. Doa likiwa juu, chini ya dari, tazama vigae vya paa na mlizamu. Likiwa kandokando ya dirisha, tazama ukingo wa nje wa dirisha. Likiwa kwenye dari ya sebule iliyo chini ya bafu, hapahitaji ramli.

Aina ya tatu ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kwa kawaida haupandi zaidi ya mita moja hivi, na huacha mstari kama wa maji kupwa, pamoja na unga mweupe wa chumvi kwenye plasta. Chumvi hiyo huizuia koga kuota vizuri, kwa hiyo ukuta wenye koga nyeusi iliyoshamiri karibu na sakafu huenda una tatizo la mvuke na si la ardhi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu unyevu wa ardhini ndio wenye biashara. Kuna kampuni zinazotuma mkaguzi bila malipo, naye huchoma ukutani kifaa chenye sindano mbili, kikalia, kisha akaandika makadirio ya kudunga dawa ukutani kwa fedha nyingi. Kifaa kile hupima jinsi umeme unavyopita. Chumvi ya zamani iliyomo ndani ya plasta yaweza kukifanya kilie hata ukuta ukiwa mkavu. Mkaguzi asiyelipwa na mteja hulipwa na dawa anayoiuza. Kabla ya kutia saini, toka nje uangalie: je, udongo wa bustani au sakafu ya uani imeinuliwa hadi kulifunika lile tabaka la kuzuia unyevu lililo kwenye matofali? Tabaka hilo linapaswa kuwa angalau milimita 150 juu ya ardhi. Mara nyingi dawa ya unyevu unaopanda ni sepetu na alasiri moja ya kuchimba.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha mvuke na unyevu uliomo ndani ya ukuta. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha karatasi ya jaribosi ya jikoni chenye upana wa kiganja mara mbili, ukizibe kingo zote kwa utepe, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakitokea upande unaotazama chumba, maji yametoka hewani. Yakitokea upande unaogusa ukuta, yametoka ukutani. Jaribio hili si hukumu ya mahakama, na pengine pande zote mbili zitalowa, lakini limewaokoa wengi na gharama zisizo na maana.

Kama unashuku bomba linalovuja na nyumba ina mita ya maji, andika tarakimu za mita usiku kabla ya kulala, usitumie maji, kisha zisome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajatawadha. Tarakimu zikisogea, maji yanakwenda mahali.

Chokaa na saruji

Sehemu kubwa ya nyumba za Uingereza zilizojengwa kabla ya mwaka 1919 zina kuta nene zisizo na uwazi katikati, zilizojengwa kwa chokaa. Chokaa hupokea mvua kidogo na kuirudisha hewani siku ya jua. Fundi anayeupiga ukuta wa namna hiyo lipu ya saruji huufungia maji ndani: saruji hupata nyufa ndogo, mvua huingia, na njia ya kutoka haipo tena.

Wazanzibari hawahitaji maelezo marefu hapa. Nyumba za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wahifadhi wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba ukarabati wa saruji huzidhuru kuta hizo. Kosa ni lilelile, iwe Shangani au Sheffield. Aliyenunua nyumba ya zamani na kukuta vipande vya lipu vikibanduka asikimbilie mfuko wa saruji. Atafute fundi anayejua chokaa, na rangi inayopitisha mvuke.

Aidha, baada ya chanzo kuzibwa, ukuta haukauki kwa wiki moja. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa tofali la zamani wa milimita 225 waweza kuchukua miezi tisa, na kupaka rangi ya mafuta kabla ya hapo ni kuanza upya.

Kuiondoa koga

Doa lisilozidi mita moja ya mraba, na ambalo halikutokana na maji ya choo au mfereji wa maji taka, mtu aweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo ni kazi ya wenye vifaa. Mwenye pumu au kifua dhaifu asiifanye kazi hii hata kama doa ni dogo, na watoto watolewe chumbani.

Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa ya daraja la FFP2 au FFP3. Fungua dirisha, funga mlango wa ndani. Usiisugue koga ikiwa kavu wala usiipitishie mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida, kwani kufanya hivyo ni kuisambaza mbegu yake katika nyumba nzima. Ilowanishe kwanza kwa dawa ya kuua kuvu ya dukani, ile ambayo lebo yake ina namba ya idhini ya HSE, uache kwa muda uliotajwa, kisha ufute kwa kitambaa kilicholowa. Vitambaa hivyo vifungwe katika mfuko wa plastiki na kutupwa. Nguo na mapazia yafuliwe.

Wengi hutumia dawa ya klorini, ambayo kwetu huitwa jiki. Juu ya kigae na kioo inafaa. Kwenye plasta hung'arisha doa zaidi kuliko inavyofika kwenye kile kilichojificha ndani, ndiyo maana mtu huona ukuta mweupe leo na mweusi baada ya mwezi. Lililo kubwa zaidi ni hili: jiki isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na chochote chenye amonia. Gesi inayotokea yaweza kumdhuru mtu vibaya katika bafu dogo lisilo na dirisha.

Rangi ya kuzuia koga ina nafasi yake, lakini huja mwisho, baada ya ukuta kusafishwa, kukauka na chanzo kuondolewa.

Joto na hewa

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza nyumba za nchi zenye baridi zisishuke chini ya nyuzi 18. Kwa bei za nishati zilivyo, si kila familia itaweza, na sitajifanya sijui hilo. Ikiwa fedha ni chache, ni afadhali joto la chini lililosambaa katika vyumba vyote kuliko sebule moja yenye joto kali na chumba cha kulala kilichoachwa kama jokofu, maana mvuke wa sebule utakwenda kutulia katika chumba hicho chenye baridi.

Redieta yenye joto chini na baridi juu ina hewa ndani yake. Zima mtambo, subiri redieta ipoe, weka kitambaa chini ya kitundu kilicho pembeni juu, kisha kizungushe kwa ufunguo wake kinyume cha mwendo wa saa, nusu mzunguko tu. Hewa italia, maji yakianza kutoka, funga. Halafu tazama kipimo cha shinikizo kwenye boila: mfumo ukiwa baridi, sindano iwe baina ya 1 na 1.5. Redieta yenye baridi chini na joto juu ina matope ya kutu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Feni ya bafuni ichunguzwe kwa kipande cha karatasi laini. Ikishindwa kukishikilia kwenye matundu yake, ama imejaa vumbi au imechoka. Vipimo vya ujenzi vya England vinataka feni ya bafuni ivute lita 15 za hewa kwa sekunde, na ya jikoni lita 60, au 30 ikiwa iko juu ya jiko. Feni inayokoroma kwa sauti si lazima iwe inavuta. Matundu madogo juu ya fremu za madirisha yaachwe wazi hata Januari; watu wengi huyaziba kwa karatasi, na mwezi mmoja baadaye hushangaa.

Mengine ni madogo lakini yana faida: kabati lisogezwe sentimita 5 kutoka ukuta wa nje, maji ya baridi yatangulie kabla ya ya moto katika kujaza bafu, nguo zianikwe bafuni, mlango ukiwa umefungwa na feni ikifanya kazi. Mpaka wa bafu na ukuta unaovuja ubanduliwe silikoni ya zamani yote na kukaushwa. Kisha jaza maji bafuni kabla ya kupaka mpya, ili uzito ufungue ufa kadiri utakavyofunguka mtu akioga. Maji yaachwe humo mpaka silikoni ikauke.

Mashine ya kukausha hewa husaidia, lakini haizibi paa.

Moto usiochezewa

Baadhi ya familia, kwa kukimbia gharama, huwasha hita ya mafuta ya taa au ya mtungi wa gesi isiyo na bomba la kutoa moshi. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kama mvuke, kwa hiyo chumba hupata joto na unyevu kwa pamoja. Hatari kubwa zaidi ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba kwa sababu yoyote, hata makaa yanapoonekana kufifia; nyumba zilizozibwa dhidi ya baridi hazina pa kutolea sumu hiyo. King'ora cha kaboni monoksaidi ni kifaa cha bei ndogo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2022 wenye nyumba nchini England wanalazimika kukiweka katika kila chumba chenye mtambo uliofungwa wa kuchoma mafuta au gesi, isipokuwa majiko ya gesi ya kupikia. Kazi yoyote ndani ya boila ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Mwambie akuonyeshe kitambulisho chake, hatakasirika.

Kwa wasomaji wa Maskati na Dubai

Kule mambo hugeuka. Baridi iko ndani, na joto lenye unyevu liko nje. Koga huota karibu na matundu ya kiyoyozi na katika vyumba vilivyofungwa wakati familia imesafiri. Maji yanayodondoka ndani kutoka kwenye kiyoyozi, mara nyingi, si ya gesi wala ya mashine kuharibika: ni bomba dogo la kutolea maji limeziba utelezi na vumbi. Zima umeme, safisha kichungi, kisha fyonza bomba hilo kutokea upande wa nje.

Haki ya mpangaji

Tukirudi Uingereza, kifo cha Awaab kilibadili sheria. Sheria ya nyumba za kijamii ya mwaka 2023 ilibeba kifungu kilichopewa jina lake, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 halmashauri na vyama vya nyumba nchini England vinatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24. Kwa unyevu na koga inayohatarisha afya, uchunguzi ufanyike ndani ya siku 10 za kazi, na mahali pafanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Sheria ya wapangaji iliyopitishwa mwezi huohuo iliipa serikali uwezo wa kuyapeleka masharti haya kwa wenye nyumba binafsi pia. Wao, kwa upande wao, tayari walikuwa wamefungwa na sheria ya mwaka 2018 inayotaka nyumba ifae kuishi binadamu. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao.

Simu haiachi alama. Andika barua au baruapepe yenye tarehe, taja chumba, ukubwa wa doa, tangu lini lilionekana, na nani katika nyumba ana kikohozi au pumu. Ambatanisha picha, moja ikiwa na rula kando ya doa. Andika pia hatua ulizokwisha kuchukua: umesafisha lini, feni inafanya kazi au la, jaribosi ilionyesha nini. Ukiambiwa upake rangi, omba jibu hilo kwa maandishi. Usiache kulipa kodi ya nyumba kwa hasira, kwa sababu deni humpa mwenye nyumba njia ya kwenda mahakamani. Mpangaji wa chama cha nyumba au wa halmashauri ambaye malalamiko yake yamepitia hatua zote bila kuridhishwa huyapeleka kwa msuluhishi wa malalamiko ya nyumba. Mpangaji wa mtu binafsi huiomba idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yake itume mkaguzi, ambaye ana mamlaka kisheria ya kuingia, kupima na kumwamuru mwenye nyumba atengeneze.